Siku Nne Katika Nyumba ya Mawe, Unguja

Watu wengi wa huku kwetu Tinde wakisikia jina la Unguja hukumbuka bahari, karafuu na nazi. Mambo hayo yapo, na walioyaandika ni wengi. Mimi nataka kuwasimulia habari za chumba: upana wake, dari yake, kuta zake, na watu wakaao chini yake. Maana mwezi wa Desemba 2024, shule zilipofungwa, nalikaa siku nne pamoja na dada yangu katika makao madogo ya orofa ya pili, mtaa wa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Na chumba kile kilinifundisha mambo mengi kuliko matembezi yetu yote.

Asili ya safari ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu huyo, afanyaye kazi Dar es Salaam. Alisema, "Mjomba, umewafundisha watoto habari za Unguja miaka yote, na mama amezisikia redioni tu. Njoni mkaone." Akatukodia makao hayo kwa simu, akalipa yeye. Bei hakuniambia mpaka siku ya mwisho, na niliposikia nalinyamaza, kwa kuwa fedha ya usiku mmoja ilizidi kodi ya mwezi mzima ya chumba hapa kwetu. Jambo hilo nitalirudia mbele, maana lina watu ndani yake.

Tulipanda basi alfajiri pale njia panda ya Tinde, mahali ambapo malori ya kwenda Kahama na Rwanda huachana na magari ya Shinyanga na Mwanza. Tukapita Nzega, Igunga na Singida, tukalala Dodoma. Kesho yake tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katika mwaka huo huo wa 2024, na kabla ya jua kupinda tukawa pwani. Kisha boti, mwendo wa saa mbili hivi. Dada yangu hakusema neno baharini. Alishika kiti kwa mikono miwili akatazama viatu vyake mpaka tukafunga gati.

Siandiki haya ili kujisifia mwendo wa haraka. Nakumbuka tu ya kuwa Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, yaani Tabora, mwezi wa Novemba. Na Speke alipokuja kaskazini kulitafuta ziwa, mwaka 1858, alipita katika nchi yetu ya Usukuma. Wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma walishuka kwa miguu mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, miezi miwili mitatu njiani, na wengine hawakurudi. Pembe zile zilivushwa mpaka Unguja. Mali ya pembe na ya karafuu ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za mawe nitakazozitaja, kwa maana sehemu kubwa ya mji huo ilijengwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said wa Oman kuhamishia baraza lake Unguja. Kwa hiyo mtu wa Tinde akiingia katika nyumba ya mawe ya Unguja haingii katika nyumba ngeni kabisa. Mabega ya babu zake yamo ukutani.

Gari lilituacha karibu na soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, kwa sababu vichochoro vya ndani havipitishi gari. Kijana mmoja akapakia mizigo yetu katika mkokoteni, nasi tukamfuata. Njia ni nyembamba hata ukinyosha mikono unakaribia kugusa kuta za pande zote mbili, na nyumba za orofa mbili na tatu zimesimama zikitazamana kama watu wanaonong'onezana. Msukuma aliyezoea kumwona mgeni wake angali mbali, akivuka mbuga, hushangaa hapa: mtu hutokea kwenye kona ghafula, na lazima umsalimu karibu kifuani pake. Dada yangu alisema, "Kaka, huku mtu hawezi kumkwepa anayemdai." Nadhani ni kweli.

Mlango wa nyumba yetu ulikuwa wa mbao nzito zilizochongwa, wenye misumari mikubwa ya shaba, na kandokando ya miimo umechongwa mnyororo. Mbele yake kuna daka, yaani kibaraza kidogo kilichoingia ndani ya ukuta, na nje kuna baraza la mawe lililopakwa chokaa. Juu ya baraza aliketi bibi mmoja, amejifunika kanga, anachambua mchele. Tukapiga hodi.

"Karibuni. Watoka wapi, mwanangu?"

"Natoka Tinde, bi mkubwa, huko Shinyanga."

"Shinyanga! Si ndo kwa Wanyamwezi?"

"Sisi ni Wasukuma, lakini ni ndugu zetu."

Akacheka. "Mambo mamoja hayo. Wanyamwezi walikuwapo hapa tangu enzi za babu zetu. Piteni, ngazi ni kali, mshike kamba."

Nasi tulishika kamba kweli, maana ngazi zilikuwa za mbao, nyembamba, zimesimama karibu wima, na kamba ya mnazi imening'inizwa ukutani badala ya kipago cha kushikia.

Sasa nieleze chumba. Makao yenyewe ni vyumba viwili, jiko na bafu, wala hakuna kingine. Kuta ni nyeupe tupu. Katika ukuta mmoja vimechongwa zidaka sita, yaani vitundu vya kuwekea vyombo, vyenye matao madogo juu yake. Zamani waliweka humo sahani za Kichina na misahafu, na siku hizi mwenye nyumba ameweka chungu kimoja, taa, na kitabu kimoja. Sakafu ni nyekundu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Kitanda ni samadari ya mti mweusi yenye miguu mirefu. Juu ya dirisha vipo vioo vya rangi, na asubuhi jua likipita hapo huacha mabaka ya buluu na manjano juu ya shuka. Mkeka mmoja, kiti kimoja cha kuegemea, meza ndogo. Nalitafuta kitu cha kupunguza nisikione. Mtu aliyekipamba chumba kile ana akili, kwa kuwa alijua kuacha.

Dada yangu alianza kwa jiko, kama afanyavyo kila mwanamke mwenye nyumba yake. Akalipima kwa macho, akasema, "Hapa mtu akisonga ugali wa watu wanane, mwiko utagonga ukuta." Lakini baada ya siku mbili alisifu ya kuwa kila kitu amekifikia pasipo kuinua mguu, akasema jikoni kwake Tinde hutembea maili nzima kabla ya chakula kuiva.

Jambo lililonishika mimi ni umbo la chumba. Urefu wake ulikuwa hatua nane, na upana hatua nne tu. Chumba cha pili kadhalika: urefu mwingine, upana ule ule. Nikaenda kutazama sebule ya chini kwa ruhusa ya bibi, nayo vilevile. Nikajiuliza, kwa nini watu wenye mali ya kununua shaba ya milangoni na vioo vya ng'ambo wakubali kukaa katika vyumba vyembamba kama njia? Usiku nikalala chali, nikatazama dari, na jawabu lilikuwa juu yangu.

Dari ile ni ya boriti. Nalizihesabu, nazo ni 22, zimepangwa sambamba kutoka ukuta mpaka ukuta, nafasi ya shibiri moja kati ya boriti na boriti. Boriti ni miti ya mikoko, inayoota katika matope ya bahari. Nyingi zilikatwa katika delta ya Rufiji zikaletwa kwa majahazi. Ni mti mgumu, mzito, nao mchwa hauuwezi kwa urahisi. Lakini mkoko ulionyoka hautoi mti mrefu sana wenye nguvu ya kubeba orofa. Ukiondoa kipande kinachoingia ndani ya ukuta huku na huku, hubaki meta tatu hivi. Basi upana wa chumba ni huo. Sultani angeweza kujenga vyumba mia, virefu atakavyo, lakini upana wa kila kimoja umeamriwa na mti wa matopeni. Na si Unguja tu. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini wakati wa kusi zikapelekwa Oman, Bahrain na Kuwait, na huko nako nyumba za kale zina vyumba vya upana huo huo. Mtu wa Kuwait na mtu wa Mkunazini, wasiojuana kabisa, walilala chini ya dari moja.

Nami nikakumbuka ya kuwa kwetu pia ndivyo ilivyokuwa. Msonge wa Kisukuma haukuzidi urefu wa miti ya paa lake. Tangu yaje mabati na mbao za msumeno ndipo tumeanza kujenga vyumba vya upana wowote, na labda ndiyo sababu nyumba zetu mpya hazifanani na kitu chochote.

Siku ya pili tulimkuta fundi akitengeneza ukuta wa nyumba ya tatu kutoka yetu. Kijana bado, lakini mikono yake ilikuwa imekauka kama ya mzee kwa kazi ya chokaa. Nikamwuliza kwa nini hatumii saruji, maana mfuko wa saruji hupatikana kila duka.

"Mzee," akasema, "ukuta huu ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa. Mawe haya yametoka baharini, yana tundu-tundu, hunywa maji. Mvua ikinyesha hunywa, jua likitoka hutoa. Ukimpaka saruji ni kama umemvika mtu koti la mpira halafu ukamlaza juani. Maji yaliyoko ndani hayana pa kutokea. Chumvi hula ukuta kwa ndani, nje unang'aa. Siku moja saruji inadondoka kipande kizima, na ukuta nao."

Akanionyesha pipa la chokaa iliyozimwa. Mawe ya matumbawe huchomwa juu ya tanuu la magogo mpaka yageuke, kisha humwagiwa maji, yakatokota yenyewe bila moto, halafu huachwa yakae. Kadiri yanavyokaa ndivyo chokaa inavyokuwa laini na yenye kushika. Mtu mwenye haraka, akasema fundi, asiguse nyumba ya mawe. Sakafu za juu zilitengenezwa kwa namna hiyo: juu ya boriti vilipangwa vipande vya mawe, ikamwagwa chokaa na kokoto, na kundi la watu wakaipigapiga kwa vibao siku nyingi, huku wakiimba, mpaka ikagandamana. Ndiyo sababu sakafu za orofani ni nzito mno, na kuta zimekuwa nene, karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko hata ncha ya vidole, na zaidi.

Adui wa kwanza wa nyumba hizo ni maji yanayotoka juu. Paa za kwanza zilikuwa tambarare, kama za Arabuni ambako mvua ni chache. Unguja mvua ya masika hainyeshi kwa kuomba radhi. Maji yalituama, yakapenya, watu wakaongeza mabati juu yake. Bati likipata tundu na asiwepo wa kuliziba, maji hushuka ndani ya ukuta mpaka kwenye kichwa cha boriti, mahali ambapo jicho halioni. Boriti huoza pale pale ilipofichwa. Kwa macho chumba ni kizima, na dari imekwisha kufa.

Wasomaji wengi watakuwa wamesikia habari za Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, lililokuwa la kwanza mjini humo kuwashwa taa za umeme. Jumba hilo lilisalimika katika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896, iliyobomoa majumba jirani kwa muda usiotimia saa moja. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa kazi ya kulitengeneza, upande wake mmoja ulianguka, na watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Tulipopita mbele yake lilikuwa bado limefungwa. Ikiwa jumba la namna hiyo, lililo mbele ya bahari na mbele ya macho ya serikali na ya dunia, liliweza kuanguka, je, nyumba ya mjane katika kichochoro?

Nyumba hizo zilipataje kukosa watunzaji? Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa wenye nyumba waliondoka, na nyumba nyingi zikawa mali ya serikali. Zikaingia jamaa kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo ya mji, pengine kila chumba jamaa moja. Kodi ilikuwa ndogo, na haikutosha kununua hata bati. Fedha na nguvu za ujenzi zilielekezwa kwenye nyumba mpya za Michenzani, zile ndefu za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 1985 ndipo ilipoundwa mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Siku hizi mtu hawezi kung'oa mlango wa nakshi wala kubadili uso wa nyumba pasipo ruhusa. Amri hiyo ni njema. Lakini amri haizibi tundu la paa. Huzibwa na fedha, na fedha siku hizi huletwa na wageni.

Karibu na kwetu, mwendo wa dakika tatu, lipo Kanisa Kuu la Kristo, nami siwezi kuliacha kwa sababu linahusu habari hii hii ya boriti. Lilijengwa mahali pa soko la watumwa, baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Jiwe la kwanza liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huo. Askofu Edward Steere, ambaye walimu wanamjua kwa kazi yake ya lugha ya Kiswahili, ndiye aliyelisimamia. Yeye alitaka nyumba pana ya kukusanyia watu, nayo boriti haimpi. Basi akaziacha boriti kabisa, akajenga paa la upinde, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa saruji, kutoka ukuta hata ukuta. Ukiingia humo baada ya siku mbili katika vyumba vya hatua nne, kifua chako chafunguka. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Wageni huonyeshwa nguzo za mahali pa ubatizo zilizosimamishwa kichwa chini; husimuliwa ya kuwa mafundi waliziweka hivyo alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha.

Nje, ndani ya shimo, zipo sanamu za watu watano waliofungwa mnyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Dada yangu alisimama pale muda mrefu. Akaniuliza kwa Kisukuma watu wale walitoka wapi. Nikamwambia wengi waliletwa kutoka upande wa ziwa Nyasa kwa njia ya Kilwa, na wengine kwa njia ya Tabora. Akasema, "Njia ya Tabora ndiyo yetu." Hakusema zaidi, nami sikuongeza.

Juu ya mwenendo wa mgeni katika mji ule, naandika machache kwa jamaa watakaokwenda. Ni mji wa Waislamu. Adhana ya alfajiri itakuamsha, na vichochoro huileta kwa sauti kana kwamba mwadhini yu ukumbini kwako. Usinung'unike, amka, fanya sala zako nawe, maana saa hiyo upepo wa kaskazi huingia dirishani na hakuna saa njema kuliko hiyo. Jifunike vema. Salimu kila uliyepita barazani pake, maana baraza ni sebule ya mwenyewe, ingawa iko njiani. Usimpige mtu picha kama unayepiga picha mlango. Jioni mwende Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, ambako hupikwa pweza na mishikaki na mikate ya mayai. Dada yangu alikula urojo akaulizia namna ya kuupika, lakini pweza hakumgusa, akisema mnyama asiye na mfupa hana ahadi.

Sasa nirudi kwa bibi wa chini, maana nalisema bei ya chumba ina watu ndani yake.

Siku ya tatu jioni alituita barazani tunywe kahawa. Dada yangu alikuwa amempa mchele wa Tinde, kilo tano tulizokuwa nazo mzigoni, na bibi aliunusa akausifu. Ndipo akatueleza. Aliingia katika nyumba ile angali bibi arusi. Mumewe amekufa, watoto wameoa na kuolewa, naye anakaa na wajukuu wawili wanaosoma. Nyumba ni ya warithi wengi, wengine wako ng'ambo za mbali, na orofa ya juu ilikuwa imeharibika hata mvua ikinyesha walikinga maji kwa sufuria. Kisha warithi wakapata mtu wa kuitengeneza, akaleta mafundi wa chokaa, wakabadili boriti tisa, wakaweka bati jipya, wakapamba makao yale tuliyolala. "Na sisi chini tukapata kukauka," akasema. "Simsemi mtu vibaya. Tangu atengeneze, sijasogeza kitanda changu usiku kukimbia tone."

Lakini orofa ya juu ilipoanza kuleta fedha, warithi walihesabu. Chini pia panaweza kuwa makao ya wageni, tena bora, kwa kuwa hapana ngazi. Wakamwandikia kwa adabu. Wamempa muda hata mwisho wa mfungo wa Ramadhani, na fedha kidogo ya kuhamia. Atakwenda Fuoni, kwa mwanawe, katika nyumba mpya ya matofali.

Dada yangu akamwuliza, "Huko si pana nafasi zaidi, mama? Hewa na ua?"

"Nafasi ipo, mwanangu. Lakini hapa nikikohoa usiku, nyumba ya pili wananiuliza asubuhi, Bi mkubwa, kifua hujambo? Kule ntakohoa mpaka nchoke."

Nalifikiri sana juu ya maneno hayo. Huku Tinde nyumba za wageni zimejaa njia panda, za madereva wa malori, lakini zilijengwa kwa kazi hiyo. Hakuna mtu aliyetolewa chumbani mwake ili dereva alale. Unguja mambo ni mengine, maana nyumba haziongezeki. Mji umebanwa na bahari na sheria. Kila chumba akilalacho mgeni ni chumba alichokuwa akilala mtu. Tena sikumwona mwovu katika habari hii. Mtengenezaji aliokoa paa. Warithi wanataka haki yao, na wengine wao nadhani ni maskini. Mpwa wangu alitaka mama yake afurahi. Sisi tulilipa, na malipo yetu yalikuwa bati na boriti kwa upande mmoja, na barua ya bibi kwa upande wa pili. Nalimwambia mpwa wangu hayo kwa simu. Akajibu, "Mjomba, tusingelala sisi angelala mwingine." Ni kweli, nalo ni jawabu la kijana.

Nalimwuliza fundi pia, siku tuliyoagana naye, mji utakuwaje ukijaa wageni watupu. Alikuwa akikoroga pipa lake. Akasema nyumba ya mawe hutaka mtu wa kukaa ndani mwaka mzima, si kwa mapenzi, bali kwa masikio: tone la kwanza la maji husikiwa na alalaye pale kila siku. Mgeni wa siku nne akilisikia hufikiri ni saa ya ukutani.

Asubuhi ya kuondoka tulishuka ngazi kwa kamba ile ile. Bibi alimfungia dada yangu karafuu katika karatasi, akamwambia azitie katika chai, si katika pilau peke yake. Mjukuu wake mkubwa alikuwa amerudi sokoni na mfuko wa chokaa na brashi mpya. Bibi akainama, akamwonyesha mahali baraza lilipomeguka, akamwambia aanze na pembe ile, apake mara tatu, maana chokaa ya mara moja haifiki masika.